Muiri Uliorudi Kwenye Karatasi

Katika kikundi chetu karani hagusi mti. Niliikuta sheria hiyo nilipoanza kazi, na nilipouliza sababu niliambiwa kwamba karatasi ikilowa, kazi ya siku nzima imekwenda. Msitu wa Nyandarua, upande ule unaoshuka kuelekea Othaya, hauna siku kavu. Hata jua likiwaka Nyeri mjini, huko juu majani bado yanadondosha mvua ya juzi. Kwa hiyo karani hutembea katikati ya njia, mikono mifukoni, na akifika mahali pa kazi husimama kando ya kigingi cha chuma na hasogei. Wengine wanapapasa miti, wanaipima, wanachubua gome kwa panga na kunusa. Yeye anasikiliza na kuandika. Siku hizi anaandika kwenye simu ya ofisi, yenye kioo kinachogoma kikiguswa na kidole chenye maji, na sheria imebaki ileile.

Karani nilikuwa mimi.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Ndani ya msitu kuna maduara ambayo hayaonekani. Katikati ya kila duara pamezikwa kigingi, na baada ya kila miaka michache watu hurudi palepale, wanataja kila mti uliomo, wanaupima kwenye usawa wa kifua, na wanaupa alama ya afya: mzima, mgonjwa, umekufa umesimama, umekufa umeanguka. Ndani ya duara kubwa kuna dogo, la miche, ambalo linaonyesha kama mti fulani unazaa au umebaki na wazee tu. Tarakimu zetu huenda ofisini Nyeri, zikitoka hapo huenda Nairobi, na huko huunganishwa na za sehemu nyingine hadi ziwe ripoti ya nchi nzima. Wanaoisoma ripoti hiyo wengi wao hawatakanyaga kamwe matope yetu.

Lakini kila jina la mti lililotoka upande wa Othaya lilitoka kwenye mdomo wa mtu mmoja, na mtu huyo alilitoa kwenye pua yake.

Alikuwa mama mjane aliyeishi juu kabisa, mahali mashamba ya chai yanapokutana na msitu. Sote tulimwita shosho, yaani bibi kwa Kikuyu. Hakusomea miti. Aliijua kwa kuni. Kwa zaidi ya nusu ya maisha yake aliingia msituni na wanawake wenzake, kila mmoja na kibali chake cha mwezi, wakaokota matawi makavu na kuyabeba mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Alijua kuni ipi inaliza macho, ipi inaacha harufu kwenye ugali, ipi inawaka hata ikiwa mbichi. Mtaalamu wetu wa mimea alipokaribia kustaafu alimtafuta, akamfunga macho kwa kitambaa chake mwenyewe cha kichwa, akawa anavunja majani na kumpa moja moja anuse. Aliyataja yote. Mtaalamu akaenda zake akiwa ametulia moyo, na shosho akawa mtambuzi wetu. Jina lake likawa linaingia kila fomu, kwenye mstari wa juu, kabla ya langu.

Alijivunia mstari huo. Wakati mmoja aliniomba nimwonyeshe jinsi jina lake linavyoonekana kwenye simu, akalitazama muda mrefu, akasema limeandikwa vizuri kuliko kwenye kitambulisho.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Shosho anataja, karani anarudia kwa sauti, shosho anaitikia "ee", ndipo karani anaandika. Hakuna kilichoandikwa bila "ee" yake. Mtu wa tatu alikuwa askari wa wanyamapori, kijana mrefu kutoka upande wa Isiolo, ambaye alibeba bunduki kwa ajili ya ndovu na nyati na alishika ncha ya utepe wa kupimia. Kwa sababu yake tulizungumza Kiswahili msituni, na shosho alikizoea kiasi kwamba hata nyumbani kwake mambo ya kazi aliyasema kwa Kiswahili, kama mtu anayevaa aproni.

"Andika mgonjwa," angesema akitazama juu. "Kichwa imebaki upara kama ya pasta wetu."

"Mgonjwa," ningerudia.

"Ee. Lakini pasta usiandike."

Mti aliouulizia kila tulipofika kwenye duara ulikuwa muiri. Ni mti mkubwa, wenye gome jeusi lililopasuka vipande vya mraba, na gome hilo ndilo lililouponza. Ni dawa ya wanaume wazee wanaotaabika kukojoa, na kuna miaka wanunuzi walipoleta malori hadi ukingoni mwa msitu. Muiri ukichunwa upande mmoja hupona. Ukichunwa kuzunguka wote hukauka ukiwa umesimama. Katika maduara yetu, kila mahali nilipoandika muiri mkubwa niliandika pia "umekufa umesimama", ukurasa hadi ukurasa, na katika duara dogo la miche sikuandika chochote.

Shosho alinisimulia habari ya malori siku moja ya mvua, tukiwa tumejikinga chini ya turubai. Alisema yeye na wenzake ndio waliobeba magunia ya gome hadi barabarani. Waliyabeba kwa kamba zilezile za kuni.

"Tulifikiri msitu ni kubwa," alisema. "Gunia ilikuwa nyepesi, karani. Gome haina uzito. Ingekuwa nzito tungeuliza."

Tangu siku ile nilielewa kwa nini, kila tulipofika kwenye duara la miche, yeye akipiga magoti na mimi nikisimama na mikono yangu mikavu, alianza na swali lilelile: kuna mtoto wa muiri hapa?

Mwaka wa barakoa hatukuingia msituni. Shosho aliugua homa mwaka huo, alikaa ndani majuma kadhaa, akapona. Tuliporudi kazini alikuwa amekonda kidogo, na mdomo wake ulikuwa uleule. Kwenye duara la kwanza alipiga magoti, akavunja jani la mche mmoja, akalipeleka puani.

"Muiri," alisema.

Nakumbuka nilikawia kurudia. "Muiri?"

"Nimesema muiri. Unataka nikuimbie?"

"Muiri," nikarudia, safari hii vizuri.

"Ee. Mzima kabisa."

Askari aliinama kuangalia. "Si mlisema hiyo iliisha?"

"Iliisha kwa macho yako, afande. Wewe unajua miti mbili tu: ile ya kivuli na ile ndovu inajificha nyuma yake."

"Hiyo ya ndovu ndiyo muhimu, shosho. Hizo zingine hazijawahi kunifukuza."

Tulicheka. Duara lililofuata lilikuwa na miche miwili zaidi, na lililofuata mingine. Msimu ule tulishuka mlimani tukiwa wachangamfu kama watu waliotoka harusini, na msimu wa pili ulikuwa hivyohivyo. Ofisini Nyeri mkubwa wangu, mtu asiyesisimka ovyo, aliita wengine waje waone mstari wa muiri ulivyopanda kwenye kompyuta. Muhtasari wa kaunti ulipoandikwa, habari hiyo iliwekwa mwanzoni: muiri umeanza kuzaa tena upande wa Othaya. Kilichobaki ni kuupeleka Nairobi uingie katika ripoti ya nchi.

Niliomba nakala ya ukurasa ule nimpelekee shosho.

Nilimkuta jikoni kwake, lile jiko la mbao lililojitenga na nyumba, ameketi kwenye kigoda akichagua njahi, yale maharagwe meusi, kwenye ungo. Maziwa yalikuwa motoni. Alinikaribisha, akataka habari zote za mjini, akanitania kwamba viatu vyangu ni vya mtu wa ofisi aliyesahau njia ya kwake. Nilimsomea ukurasa. Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye leso, akashika karatasi kwa ncha za vidole.

"Imeandikwa Othaya?"

"Imeandikwa, shosho. Mstari wa kwanza."

Wakati huo maziwa yalichemka, yakamwagika, yakaanza kuungua. Moshi ulijaa. Mimi nilikuwa mlangoni na machozi yalinitoka. Yeye alikuwa karibu na moto kuliko mimi, mgongo umeuelekea, na aliendelea kutazama karatasi. Nilitaka kusema. Sijui ni kitu gani kilinizuia. Labda ni ile tabia yangu ya kusubiri mtu mwingine ataje kwanza. Nilihesabu moyoni polepole. Hakugeuka. Aligeuka alipomaliza kukunja karatasi, akaona sufuria, akasema "Haiya!" kana kwamba ndiyo kwanza yamemwagika. Kilichobaki akakitia kwenye chai.

Chai ile ilinuka kuungua hata kabla ya kufika mdomoni. Aliinywa kwa furaha, akasema ng'ombe wake siku hizi anatoa maziwa matamu. Niliinywa yangu yote.

Nilirudi Nyeri na asubuhi iliyofuata niliingia chumba cha mafaili. Nilitoa karatasi za zamani za maduara yetu, zile za kabla ya simu, nikaziweka mezani kwa mpangilio wa miaka. Nilikuwa natafuta muiri, lakini nilichokiona kilikuwa mti mwingine. Upo mti uitwao mugaita, wa kawaida sana huku, usio na soko, ambao hakuna anayeuulizia. Mche wake una jani linalong'aa na kikonyo chekundu, kama mche wa muiri. Ukiutazama tu unaweza kukosea. Ukivunja jani huwezi, kwa sababu la muiri lina harufu yake na la mugaita halina. Katika karatasi za zamani mugaita ulikuwa kila mahali kwenye maduara ya miche. Baada ya mwaka wa barakoa ulikuwa karibu umetoweka. Jina moja lilipopanda, jingine lilishuka, duara kwa duara, kana kwamba mtu amelitoa huku na kulipeleka kule.

Nilikaa na karatasi zile hadi wenzangu walipotoka kwenda kula. Nilikumbuka mambo niliyoyaona na kuyapita. Kwamba siku hizi shosho alitaja jina jani likiwa bado njiani kwenda puani. Kwamba mara mbili alimpa afande anuse, akamwuliza kwa utani, "Wewe wa nchi ya mawe, unasikia nini?" na kusubiri jibu lake kwa makini kuliko utani unavyotaka. Kwamba hakuuliza tena kama kuna mtoto wa muiri. Alikuwa anajibu tu.

Nilimweleza mkubwa wangu. Alivua miwani.

"Una hakika?"

"Sina. Sijawahi kunusa hata jani moja."

"Miaka yote hii?"

"Mimi ni karani."

Alinipa hadi mwisho wa juma. Baada ya hapo, alisema, muhtasari utaondoka ukiwa hivi au vile.

Nilianza na kile nilichopaswa kuanza nacho miaka mingi nyuma. Katika uwanja wa shule moja njia ya kwenda Othaya kuna muiri mkubwa ulio hai, uliosalimika kwa sababu watoto husomea chini yake. Nilimwomba mwalimu wa zamu ruhusa, nikachuma jani, nikalivunja. Harufu iliniingia mara moja na nikaijua. Ilikuwa harufu ya kokwa la pichi. Tulipokuwa wadogo kwetu Kiriaini tuliyapasua makokwa yale kwa jiwe ili kuona kilichomo ndani, na vidole vilinuka hivyo hadi jioni, tamu na kali, kitu kinachotaka kuwa sumu. Niliuweka mkono puani njia nzima.

Kesho yake tulipanda, sisi watatu, hadi duara la kwanza, lile la ile "ee, mzima kabisa". Shosho alikuwa amefurahi kuitwa kabla ya msimu. Alikuwa amenoa panga. Sikuwa nimemwambia sababu, na ninapokumbuka furaha ile bado naona aibu.

Tulipofika kwenye kigingi nilikipita. Niliingia kwenye majani hadi magotini, nikapiga magoti kwenye duara la miche, maji yakanipenya suruali.

"Karani," aliniita. "Mikono yako."

"Leo sijabeba karatasi, shosho."

Afande alitutazama wote wawili, akasogea hatua kadhaa akajifanya anasikiliza ndovu.

Nilivunja jani la mche wa kwanza, nikalisugua, nikanusa. Nyasi. Maji. Kijani tu. Nilivunja la pili. Nilipofika la tatu alikuja akasimama juu yangu, na kivuli chake kikanifunika mikono.

"Iko aje?" aliuliza.

"Haina kitu."

"Vunja karibu na kikonyo. Huko ndio inakaa."

Nilivunja karibu na kikonyo. Nilinusa. Nilitikisa kichwa.

"Ile ingine, hapo kwa mzizi."

"Hakuna, shosho."

"Na hiyo?"

"Hakuna."

Tulikwenda hivyo mche baada ya mche, yeye akinionyesha kwa ncha ya panga, mimi nikivunja, nikinusa, nikisema hakuna. Nilitamani kwa moyo wangu wote kusikia harufu ya pichi. Kuna jani moja nililinusa mara nne. Tulipomaliza duara aliketi kwenye gogo lenye kuvu, akaliweka panga mapajani.

"Pua yangu ilienda na ile homa," alisema. "Nilifikiri itarudi. Nilingoja. Nilikuwa nachoma nywele kwa moto nione kama nitasikia. Siku ile ya kwanza hapa nilivunja jani, nikaona ni kama nimeshika karatasi. Ningekwambia, mtoto wangu. Nilikuwa karibu nikwambie."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliangalia kikonyo, ni nyekundu. Nikasema, labda. Mdomo ukasema muiri. Halafu wewe ukarudia." Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu tufike. "Wewe hujui vile ulirudia. Sauti yako ilikuwa imefurahi. Miaka yote umekuwa ukirudia kama mtu anasoma orodha ya mazishi. Nikasema ee."

Ilikuwa kweli. Nami niliikumbuka furaha ile.

"Iliyofuata ikawa rahisi," alisema. "Nilikuwa nazitaka, karani. Ile magunia nilibeba, nilitaka nione hata kamoja kamerudi kabla niende. Mwisho nilikuwa naamini."

Afande alirudi, akasimama kando yake. Alitoa chupa yake ya chai, ile ya tangawizi nyingi anayoipenda, akammiminia kwenye kifuniko.

"Kunywa, shosho."

"Iko na tangawizi?"

"Nyingi."

"Hiyo nasikia inawasha," alisema. "Harufu hapana. Kuwasha nasikia."

Tulikagua maduara mengine mawili siku ile na matatu siku iliyofuata. Alikataa kubaki nyumbani. Alinionyesha kila mche alioutaja, yote aliikumbuka, na alisimama karibu nami huku nikinusa. Hatukupata hata mmoja. Maduara mengine hatukuwa na muda nayo, kwa hiyo hatukujua, na katika kazi yetu kisichojulikana hakiandikwi.

Kufuta data si kubonyeza tu. Fomu ya kufuta, inayotoka Nairobi, ina kisanduku cha sababu, na haikubali kukiacha wazi. Inakupa orodha ya kuchagua: hali ya hewa, vifaa, kosa la karani, sababu nyingine. Niliifungua nikiwa jikoni kwake, kwa kuwa niliona si haki kuijaza mjini. Nilimsomea orodha yote. Nilimwambia naweza kuchagua kosa la karani. Kwamba lingekuwa kweli pia, na halingemgusa.

"Halafu msimu ujao?"

"Msimu ujao tutaona."

"Nitakuja na hii pua?" Aligonga pua yake kwa kidole, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa. "Nitaje, urudie?"

Nilirudisha macho kwenye ile orodha.

"Chagua hiyo ya mwisho. Andika mtambuzi hakuwa anasikia harufu."

Simu ilikuwa mkononi mwangu, kavu. Nilingoja kidogo, nikidhani labda atabadili.

"Rudia," alisema.

"Mtambuzi hakuwa anasikia harufu."

"Ee."

Niliandika. Nilitaka kuongeza kwamba karani naye hakuwahi kunusa, lakini kisanduku kilikuwa na idadi yake ya herufi na kilikataa kupokea zaidi. Nilibonyeza. Mstari wa muiri, uliokuwa umepanda kwenye kompyuta ya mkubwa wangu, ulishuka hadi chini ukalala pale. Muhtasari wetu uliandikwa upya bila habari ile njema, na msimu uliofuata tulipewa mtambuzi mwingine, kijana mpole mwenye cheti, anayepiga picha majani na kusubiri simu imwambie. Nilimfundisha kuvunja jani. Nami siku hizi nabeba taulo mfukoni, natoka kwenye kigingi, nanusa, nafuta mikono, ndipo naandika. Kazi inakwenda polepole zaidi na kijana hulalamika. Kokwa la pichi sijalisikia bado.

Ripoti ya nchi ilipotoka, nilichapisha ukurasa wetu nikampelekea. Nilimkuta nje, akianika njahi kwenye gunia, uso umeelekea msitu. Alikuwa amezeeka kwa namna ya watu walioacha kazi ghafla. Alitembea kama anayetafuta alichoweka chini. Alinitania kuhusu viatu, lakini utani ulikuwa mfupi. Tuliketi kwenye benchi. Alichukua karatasi kwa ncha za vidole, kama ile ya kwanza.

Ilikuwa jedwali refu. Miti ilipangwa upande wa kushoto, sehemu za nchi juu, na katikati tarakimu ndogo zilizojaa ukurasa.

"Mimi niko wapi hapa?"

Nilifuata mstari wa muiri kwa kidole hadi safu ya kwetu. Visanduku vingine vyote vya mstari ule vilikuwa na tarakimu. Chetu kilikuwa na kistari kimoja kifupi.

"Hapa," nilisema.

Aliinamia karatasi. "Kadogo hivi?"

"Maana yake ni kwamba hakuna data ya kuaminika."

"Maana yake ni mimi," alisema. Aliweka kidole juu ya kistari, kidole chenye ufa mweusi wa utomvu usiotoka, na kikakifunika chote pamoja na visanduku viwili vya jirani. Alikaa hivyo. Kisha akakiondoa, akakipitisha taratibu kwenye tarakimu za sehemu nyingine, moja hadi nyingine, kushoto kwenda kulia, kama anayewasalimia watu waliopanga foleni.

"Na hawa wengine," aliuliza, "pua zao ziko?"

Nilitazama tarakimu zile, zilivyokaa sawasawa kwenye visanduku vyao. Nilifikiria makarani wote waliosimama kando ya vigingi, mikono yao mikavu, wakirudia.

"Sijui, shosho," nilimwambia.

"Ee," alisema.